Shahidi na Dalili: Uhakiki wa Hukumu ya Dover

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba shahidi wa mvua ni mawingu; na tofauti ya maneno hayo mawili, shahidi na dalili, ndiyo itakayotushughulisha katika makala haya. Hati tunayokusudia kuihakiki si utenzi wala si riwaya. Ni hukumu ya mahakama, yenye kurasa 139, iliyotolewa tarehe 20 Desemba 2005 na Jaji John E. Jones III mjini Harrisburg, katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Yamkini msomaji atauliza hukumu ya nchi ya mbali, juu ya somo la elimu ya viumbe, ina uhusiano gani na jarida la wachunguzi wa lugha. Jibu letu ni kwamba shauri lile, lijapokuwa lilihusu asili ya viumbe, lilikatwa kwa sehemu kubwa kwa kazi iliyo yetu sisi: kazi ya kulinganisha nakala za kitabu kimoja, na kutazama ni neno gani lililofutwa na ni lipi lililowekwa mahali pake.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 18 Oktoba 2004 halmashauri ya shule za Dover, mji mdogo wa jimbo hilo, ilipitisha kwa kura sita dhidi ya tatu azimio la kwamba wanafunzi wajulishwe mapengo ya nadharia ya Darwin, na wajulishwe pia rai nyingine, ikiwamo ile iitwayo usanifu wa akili. Rai hiyo yadai kwamba viumbe hai vina utata usioweza kutokea kwa njia ya mageuko, na kwamba utata huo waonyesha kazi ya msanifu mwenye akili, ambaye rai yenyewe haimtaji kwa jina. Halmashauri ikaagiza tangazo fupi lisomwe darasani. Walimu wa sayansi walikataa kulisoma, na mwezi wa Januari 2005 likasomwa na wakuu wa shule badala yao. Nakala 60 za kitabu kiitwacho Of Pandas and People ziliwekwa shuleni ili mwenye kutaka asome. Hata kabla tangazo halijasomwa, tarehe 14 Desemba 2004, wazazi kumi na mmoja walikwenda mahakamani wakidai kwamba halmashauri imevunja katiba, ambayo yaikataza serikali kuisimamisha dini. Shauri lilisikilizwa kuanzia tarehe 26 Septemba hadi tarehe 4 Novemba 2005. Jaji aliketi peke yake, bila ya baraza la raia, naye akaamua kwamba usanifu wa akili si sayansi, na kwamba azimio la halmashauri lilikuwa na nia ya kidini.

Sikusudii kuuliza kama Jaji alifikia mwisho ulio wa haki. Naona kwamba aliufikia. Ninalouliza ni swali la mhakiki: katika kurasa hizo 139, ni wapi hoja imesimama kwa miguu yake, na ni wapi imeegemea cheo cha msemaji? Swali hilo si dogo. Mzazi wa Dover hakuwa mtaalamu wa viumbe, na Jaji hali kadhalika. Kila upande ulileta maprofesa wake. Kwa upande wa wazazi alikuwapo Kenneth Miller, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Brown. Kevin Padian, mchunguzi wa mabaki ya viumbe vya kale. Na John Haught, mwanateolojia. Kwa upande wa halmashauri walikuwapo Michael Behe, profesa wa kemia ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Lehigh, na Scott Minnich, mchunguzi wa vijidudu. Wote waliapa, na wote walikuwa na shahada. Basi mtu asiye na elimu hiyo afanye nini, maprofesa wawili wanapoapa maneno yanayopingana? Awahesabu? Apime vyeo vyao kwa mizani? Au awaambie kila mmoja aonyeshe njia aliyopita mpaka akafika hapo alipo?

Hapa lugha yetu yatutega. Neno shahidi tumelipokea kutoka Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kuhudhuria jambo na kuliona kwa macho. Kutokana na neno hilo tumepata ushahidi, nasi twalitumia kwa maneno ya mtu aliyeona, na twalitumia tena kwa kila kitu kinachothibitisha jambo, hata kiwe jiwe au mfupa. Matumizi hayo mawili yakichanganyika, mtu husadiki kwamba pasipo mwenye kuona hapana uthibitisho. Hilo ndilo swali ambalo wapinzani wa mageuko hupenda kumtupia mtaalamu: Je, wewe ulikuwako? Nalo laonekana kuwa swali zito kwa sababu latumia maana ya kwanza ya ushahidi kuibatilisha maana ya pili. Lakini tunalo neno jingine, dalili, ambalo asili yake ni kuongoza na kuonyesha njia. Mwenye dalili hahitaji kuwako. Msasi akutaye nyayo mchangani hakumwona mnyama akipita, lakini aweza kusema ni mnyama gani, alielekea wapi, na kama alikuwa akichechemea. Mtu mwingine aweza kuinama pale pale, akazitazama nyayo zile zile, akamkubali au akampinga. Mtaalamu anapopanda kizimbani huitwa shahidi, lakini kazi yake ni ya msomaji wa dalili. Basi yatupasa tumpime kama tumpimavyo msasi: si kwa wingi wa miaka aliyokaa porini, bali kwa nyayo anazotuonyesha.

Tukiishika mizani hiyo, tutaona kwamba sehemu za hukumu hazina uzito mmoja.

Tuanze na ile inayohusu neno nadharia. Tangazo la halmashauri lilisema kwamba fundisho la Darwin ni nadharia, si jambo la hakika. Jaji aonyesha vizuri kwamba tangazo lilicheza na maana mbili za neno moja la Kiingereza: maana ya mitaani, ambayo ni dhana isiyothibitishwa, na maana ya wanasayansi, ambayo ni maelezo yaliyojengwa juu ya mambo mengi yaliyokwisha kupimwa. Mtego huo ulionekana wazi zaidi Profesa Behe alipohojiwa. Yeye alikuwa amelipa neno hilo maana pana mno, na wakili wa wazazi alipomwuliza kama kwa maana hiyo unajimu nao ungekuwa nadharia ya kisayansi, alikubali kwamba ungekuwa hivyo. Kwetu sisi jambo hili lina funzo lake. Nadharia ya Kiswahili haina mtego ule ule, ina mwingine. Mtu wetu asemapo, "Hiyo ni nadharia tu," aghalabu hakusudii kusema kwamba ni dhana. Akusudia kwamba haijaingia katika vitendo. Mfasiri atakayelitia tangazo la Dover katika Kiswahili neno kwa neno ataliondoa kosa moja na kuleta jingine, wala mwanafunzi hatajua kosa lilikuwa nini. Kazi ya istilahi haimaliziki kwa kupata neno. Lazima tuchunguze pia neno hilo lafanya nini likiwa midomoni mwa watu.

Sehemu ya pili ni ile ya mfumo wa kinga ya mwili. Katika kitabu chake cha mwaka 1996, Behe alikuwa amedai kwamba maandishi ya wanasayansi hayana jibu juu ya asili ya mfumo huo. Mahakamani wakili alimwekea mbele yake makala 58 yaliyopitiwa na wataalamu, pamoja na vitabu tisa na sura kadhaa za vitabu vya masomo, yote yakihusu mageuko ya mfumo huo. Behe akajibu kwamba hayo hayakutosha. Wasimulizi wengi wa shauri hili hulipenda tukio hilo, nao husimulia jinsi rundo lile lilivyopanda. Mimi nalitazama kwa hadhari. Rundo la vitabu, kwa kuwa ni rundo, halithibitishi kwamba yaliyomo ndani yake ni kweli. Nchi nyingi zimejaa marundo ya vitabu vya upuuzi. Lakini madai ya Behe yalikuwa madai juu ya maandishi yenyewe. Mtu asemaye kwamba ghala ni tupu aweza kujibiwa kwa kufunguliwa mlango wa ghala. Kwa dai hilo moja rundo lilikuwa dalili halali, na Jaji alikuwa na haki ya kulitumia. Angetumia rundo lilo hilo kuthibitisha kila neno la wanabiolojia, angevuka mpaka.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo kwangu ni bora kuliko zote. Wazazi walimleta Barbara Forrest, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Southeastern Louisiana. Mawakili wa halmashauri walijitahidi sana asisikilizwe, wakisema kwamba yeye si mwanasayansi. Ni kweli hakuwa mwanasayansi, wala hakudai kuwa hivyo. Alichokileta ni usomaji wa miswada. Kitabu cha Of Pandas and People kilichapishwa kwanza mwaka 1989, na mara ya pili mwaka 1993, lakini kabla ya hapo kilipita katika miswada kadhaa yenye majina mbalimbali, tangu mwaka 1983. Miswada hiyo ilitolewa kwa amri ya mahakama, nayo ikalinganishwa. Katika ile ya awali mliandikwa habari za uumbaji na wafuasi wa uumbaji. Katika ile ya baadaye, maneno ya jamii hiyo, yapatayo 150, yalikuwa yameondolewa na mahali pake pakawekwa usanifu wa akili. Maelezo ya maana ya neno yalibaki yale yale. Jina tu ndilo lililobadilika. Na badiliko hilo lilitukia mwaka 1987, mwaka ambao Mahakama Kuu ya Marekani, tarehe 19 Juni, ilibatilisha sheria ya jimbo la Louisiana iliyotaka "sayansi ya uumbaji" ifundishwe kila pale mageuko yafundishwapo.

Katika mswada mmoja wa mwaka huo imeonekana alama ambayo kila mwenye kuhariri nakala za kale ataitambua mara moja. Mhariri alitaka kuliondoa neno la Kiingereza "creationists" na kuweka "design proponents." Mkono wake haukulifuta neno la kwanza lote, na likabaki "cdesign proponentsists": herufi ya kwanza ya neno la zamani mbele, herufi zake za mwisho nyuma, na neno jipya limekaa katikati kama mgeni aliyelala kitandani kabla mwenyeji hajatoka.

Sisi tuliokulia katika hati za tenzi hatuhitaji kufundishwa uzito wa alama ya namna hiyo. Katika maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, herufi ya be yaweza kusomwa b, au p, au mb. Mnakili mmoja husoma hivi na mwingine vile, na mhariri hulazimika kuweka nakala kando ya nakala ili ajue ni ipi iliyotoka kwa ipi. J. W. T. Allen, aliyekusanya na kuorodhesha hati za Kiswahili katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika kazi kama hiyo. Kosa la mnakili lina thamani kwa mchunguzi kuliko usahihi wake, kwa sababu usahihi waweza kupatikana kwa njia nyingi, lakini kosa la namna moja aghalabu lina chanzo kimoja. Neno lililonasa nusu nusu katika mswada wa mwaka 1987 latuambia kwamba hapa halikuandikwa wazo jipya. Hapa palibadilishwa jina juu ya wazo la zamani.

Nasema sehemu hii ni bora kwa sababu haimtaki msomaji aamini cheo. Forrest angekuwa karani wa posta, miswada ingesema yale yale. Mkulima wa Dover ajuaye kusoma angeweza kuziweka kurasa mbili mezani pake na kuona kwa macho yake. Utaalamu wake ulikuwa katika kujua pa kutazama. Alipokwisha kuonyesha, hakuhitajiwa tena kuaminiwa.

Sasa lazima niseme penye udhaifu. Jaji hakutosheka na kuonyesha historia ya kitabu na nia ya halmashauri. Alitaka pia kuamua sayansi ni nini. Atoa sababu tatu za kuutoa usanifu wa akili nje ya sayansi: kwamba unaleta sababu zilizo juu ya maumbile, kwamba unajenga hoja yake juu ya uchaguzi wa uongo, yaani kwamba mageuko yakishindwa basi usanifu umeshinda, na kwamba mashambulio yake dhidi ya mageuko yamekwisha kukanushwa na wanasayansi. Sababu ya pili na ya tatu zasimama juu ya dalili. Ya kwanza yasimama juu ya maana ya neno, na maana za maneno mahakama haziwezi kuzifunga. Tena Jaji asema kwamba huenda hoja za usanifu ni za kweli, naye hachukui upande katika hilo, lakini si sayansi. Msomaji wa kawaida atashangaa: kama yamkini ni kweli, mbona mtoto asiambiwe? Kwa maneno hayo Jaji alikusudia heshima kwa waumini, lakini amewaachia mlango ambao dalili zake mwenyewe zilikuwa zimekwisha kuufunga.

Hitilafu hiyo ina nasaba. Tarehe 5 Januari 1982 Jaji William Overton, katika jimbo la Arkansas, alibatilisha sheria iliyofanana na ile ya Louisiana, akataja alama tano za sayansi alizozipata katika ushahidi wa mwanafalsafa Michael Ruse. Mwaka huo huo mwanafalsafa mwingine, Larry Laudan, naye si rafiki wa rai ya uumbaji, alimpinga vikali. Alisema kwamba madai ya kuwa dunia ni changa, na kwamba miamba yake ilifanywa na gharika, ni madai yanayoweza kupimwa, na yamepimwa, na yameshindwa. Kusema kwamba hayapimiki ni kuyapa mahali pa kujificha. Naona Laudan alikuwa na haki, na onyo lake lingemfaa Jaji Jones. Wako watakaosema kwamba jaji hana wasaa wa falsafa, na kwamba sehemu hiyo ya hukumu ilichukuliwa kwa wingi kutoka mapendekezo ya mawakili wa wazazi, jambo ambalo ni desturi katika mahakama za Marekani. Ni desturi, nami silaumu. Lakini mhakiki ana haki ya kuona kwamba pale ambapo Jaji alitembea juu ya miswada, hatua zake ni imara, na pale alipotembea juu ya tafsiri ya neno, ziliyumba.

Nisije nikaonekana natoa mafunzo kwa Wamarekani peke yao, naomba nimalizie kwetu. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu katika bonde la Olduvai, Tanganyika. Mumewe, Louis Leakey, alilipa kiumbe hicho jina la Zinjanthropus, akilichukua neno Zinj, jina la kale la Waarabu kwa nchi za pwani yetu. Alikadiria umri wake kuwa kiasi cha miaka 600,000, akaamini pia kwamba huyo ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizoonekana pale. Alikuwa bingwa, hapakuwa na mtu aliyelijua bonde lile kumpita yeye na mkewe. Lakini mwaka 1961 majivu ya volkeno ya mahali pale yalipimwa kwa kiasi cha hewa ya argoni iliyozaliwa ndani yake kutokana na potasiamu, na umri ukaonekana kuwa miaka 1,750,000 hivi. Mwaka 1964 Leakey mwenyewe na wenzake wakatangaza kiumbe kingine, waliyemwita Homo habilis, na heshima ya kutengeneza zana ikahamia kwake. Hata jina la Zinj halikudumu katika orodha za wanasayansi; kiumbe kile sasa kimeingizwa katika jamii nyingine.

Wapinzani wa mageuko hulitumia jambo la namna hii kusema: Tazameni, wataalamu hubadili maneno yao kila siku, basi wataaminiwaje? Mimi nalisoma kinyume. Mswada wa mwaka 1987 ulibadili jina na kuliacha wazo kama lilivyokuwa, na badiliko lenyewe likafichwa. Leakey alibadili wazo lake kwa kuwa dalili zilimlazimisha, na badiliko likachapishwa kwa tarehe na kwa majina ya waliolifanya, mtu yeyote alifuate. Yote mawili ni mabadiliko, lakini mhariri wa hati hawezi kuyachanganya, kama asivyoweza kuchanganya sahihisho la mtunzi na hila ya mnakili.

Neno letu mtaalamu, kwa asili yake ya Kiarabu, halikumtaja mtu ajuaye. Lilimtaja mtu ajifunzaye. Tunaoandika vitabu vya masomo na kamusi za Kiswahili twaweza kulirudishia maana hiyo kidogo kidogo. Tuandikapo kwamba jambo lina ushahidi, tuseme ni ushahidi wa namna gani: ni wa mtu aliyeona, au ni dalili iliyosomwa, na kama ni dalili, iko wapi, ili msomaji naye apate kuinama na kuitazama. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayezoea kuuliza hivyo hatahitaji jaji wa kumwambia sayansi ni nini.